Ufunguo Uliobaki Nyumbani

Nilichelewa maziko. Nilipofika Garsen kutoka Kipini, Abba Guyo alikuwa ameshalazwa, watu wamesharudi kutoka makaburini na wamekaa chini ya turubai wakisubiri chai. Hadija, binti yake wa mwisho, alinipokea kwenye lango la miiba, na kabla sijamaliza kumpa pole akanitia kitu kiganjani, akanikunja vidole juu yake. Nilijua ni nini kabla ya kutazama. Ufunguo wa gari. Kichwa chake cheusi kilikuwa kimeliwa na jasho mpaka kimekuwa laini kama kokwa la ukwaju, na kwenye tundu lake kulikuwa na ukanda wa ngozi ya ng'ombe, uleule. "Waliokuja kumwosha waliukuta kiunoni," akasema. "Kaka Omari, wewe ndiwe ulikuwa dereva. Sisi hatujui tuufanye nini. Na nina neno la kukwambia juu yake, lakini kula kwanza." Nikakaa. Upande wa pili wa turubai, kwenye kiti cha plastiki, alikuwa Mzee Komora wa Ndera, kofia yake imewekwa gotini, fimbo katikati ya miguu. Kulia kwake watu, kushoto kwake watu, na bado alionekana kama mtu aliyekaa peke yake. Hao wawili, yeye na huyu aliyezikwa, hawakuwa wamesemezana tangu mwaka ule wa gari. Hilo sikuambiwa na mtu. Mimi ndiye niliyejaribu kuwasemezesha, nikashindwa.

Nina desturi ya kuandika mambo yangu jioni, ingawa shule niliishia darasa la saba na sina hakika kama nayaweka maneno mahali pake. Habari hii nimeianza mara nyingi nikaiacha. Wengi wameisimulia, Garsen na Ndera, na kila anayeisimulia ana mkosaji wake. Wa mbugani wana wao, wa shambani wana wao. Mimi nilikuwepo, na huyo mkosaji nimemtafuta miaka hii yote sikumpata. Huenda ni kwa kuwa sikusoma. Huenda aliyesoma angemwona mara moja.

Mwaka ule nilikuwa kijana, na chumba changu kilikuwa nyuma ya duka la dawa za mifugo pale Garsen. Kuta za mabati, kitanda cha kamba, na harufu ya dawa ya kupe iliyoingia hadi kwenye shati la Ijumaa. Ukuta ulikuwa mwembamba hivi kwamba nikilala mchana niliwasikia wachungaji wakibishana bei na mwenye duka, na wakimaliza bei wanaingia kwenye habari: nani kafukuzwa shambani kwa nani, njia gani ya kwenda mtoni imezibwa kwa miiba, migomba ya nani imeliwa. Malisho yalikuwa machache. Ng'ombe lazima wanywe, na maji yako ng'ambo ya mashamba. Sitasema nani alikuwa na haki, maana nikisimama upande huu naiona ya upande huu, nikivuka naiona ya upande ule.

Katika mwaka kama huo, wazee wawili walinunua gari pamoja. Abba Guyo, Muorma, mwenye ng'ombe, na Mzee Komora, Mpokomo, mwenye mpunga na migomba kule Ndera. Walijuana tangu ujana wao; mmoja aliwahi kumvusha mwenzake mto wakati wa mafuriko, ingawa kila mmoja alidai yeye ndiye aliyevusha. Gari lilikuwa stesheni wagoni nyeupe iliyotoka Mombasa, nzuri tu, mlango wa nyuma ukifunguka kama mdomo wa kiboko. Asubuhi lilibeba maziwa ya wanawake wa mbugani kuleta Garsen. Mchana lilikwenda Ndera kuchukua ndizi na mchele. Mimi walinichukua kwa sababu si wa huku wala wa kule. "Huyu mtu ya bahari," Abba Guyo alisema siku ya kwanza, akinitazama kama anayetazama ndama mnadani. "Hana ng'ombe, hana shamba. Atagombana na nani?" Mzee Komora akacheka: "Atagombana na samaki." Tangu siku hiyo jina langu likawa Kipini.

Nilichokuwa nakitaka mwaka ule ni kimoja, nacho nilikiomba kila nikitia gia: wazee wale wasije wakaachana. Watu walilitazama lile gari. Likipita na mitungi ya maziwa juu ya magunia ya mchele, mtu alisimama kando ya njia akalisindikiza kwa macho, na nilijua anachosema moyoni: bado wako pamoja. Na ilikuwa kweli wako pamoja. Kila asubuhi mke wa Abba Guyo, ambaye naye sasa ni marehemu, alinipa kibuyu kimoja kando ya mitungi ya biashara. Kilikuwa kimefukizwa ndani kwa kijinga cha moto cha mti wao, maziwa yakanuka moshi mtamu. Hicho cha nyumba ya Komora. Na kule Ndera Mama Eliza, mke wa Komora, alikiosha, akakiangika juani, na jioni akanirudishia kina kitu ndani. Mchele, au ndizi mbili zilizoiva, au kambare mkavu. Siku moja hapakuwa na kitu nyumbani, akatia embe moja bichi. "Kibuyu hakirudi kitupu," akaniambia, kana kwamba mimi ndiye niliyetaka kirudi hivyo.

Gari lilikuja na funguo mbili. Mmoja wakasema ni wa dereva, si wa yeyote kati yao. Wa pili ulibaki kwa Abba Guyo, kwa sababu siku gari lilipofika lililala kwake, na hakuna aliyefikiria zaidi. Aliutia ukanda wa ngozi akaufunga kiunoni. Hakujua kuendesha, wala hakujaribu. Alipenda kuuhisi pale akikaa. Mambo yalianzia jikoni kwa Mama Eliza. Nilikuwa barazani nakula wali na samaki wa mtoni, yeye ndani anapepeta, mumewe amekaa kizingitini. "Komora," akasema, wala hakushusha sauti, "hebu nieleze. Gari ni la watu wawili?" Mzee akasema ndiyo. "Na ufunguo uko kwa nani?" Mmoja kwa Guyo, mmoja kwa Kipini. "Kipini anakaa wapi?" Garsen. "Guyo anakaa wapi?" Garsen, upande wa mbugani. Akapepeta kidogo. "Basi wewe una nini? Una kiti cha mbele." Mzee akanitazama mimi, nikatazama samaki. Nisimwonee Mama Eliza. Hakusema kwa ubaya. Kina mama wenzake wa kanisani walimuuliza hilo swali, naye akalileta nyumbani. Ningekuwa mimi ningeuliza vilevile.

Mzee Komora alijaribu njia fupi kwanza. Hola palikuwa na fundi wa kufuli na taa za baiskeli aliyechonga funguo kwa tupa. Akachukua ufunguo wangu, akachonga mwingine mfano wake, mzuri kabisa. Ulifungua mlango. Uliingia, ukazunguka, taa zikawaka, injini ikapiga selfu: nyo-nyo-nyo-nyo. Haikushika. Ikapiga tena, haikushika. Pale mbele ya usukani kataa kekundu kenye umbo la ufunguo kakawa kanapepesa. Fundi akakuna kichwa. "Hizi za siku hizi zina chipu ndani ya kichwa," akasema. "Mimi nachonga mwili, roho siwezi. Nendeni Malindi." Mzee alicheka njia nzima ya kurudi. "Nina ufunguo wa kuingia nikae," akasema. "Mke wangu atafurahi."

Abba Guyo hakukataa ufunguo wa tatu. Hilo nataka lijulikane, kwa sababu kuna wanaosema alikataa. Tulikaa kwake, kwenye mkeka, chai ya maziwa matupu na tangawizi, Hadija wakati huo mtoto anayetambaa juu ya miguu ya wageni. Mzee Komora akaeleza, kwa aibu kidogo. Abba Guyo akasikiliza mpaka mwisho. "Ni haki," akasema. "Mtu nusu ya gari yake lazima ashike. Nendeni Malindi, wewe na Kipini, mtengeneze. Lakini yangu inabaki hapa." Akagusa kiuno. "Mimi nikitoa ng'ombe aende mbali na mtu, hata ndugu yangu, ndama nabakisha. Ndama ikibaki, mama atarudi." Tukacheka wote. Na Mzee Komora, nakumbuka alivyosema, nilikuwa namtazama usoni: "Na ubaki, Guyo. Ukiutoa mimi mwenyewe nitakuona mjinga." Hivyo ndivyo ulivyobaki. Mmoja alitaka kitu cha haki, mwingine akampa, na huyu naye akataka kitu cha haki, akapewa. Nimeligeuza hili mara nyingi. Sioni mahali ambapo ningewaambia, hapa simameni.

Fundi wa Malindi alikuwa kijana wa duka dogo lililobandikwa funguo ukutani kama samaki wa kukaushwa. Mashine yake ililia ikachonga mwili wa ufunguo mpya kwa muda wa kunywa soda. Kisha akaja garini na kompyuta, akainama chini ya usukani akachomeka kebo, akaketi kwenye kiti changu, mimi nimesimama nje na Mzee Komora amechungulia dirisha la upande wa pili. Taa zikawaka zikazima. Akachomeka ufunguo wangu, akangoja, akautoa. Akachomeka mpya, akangoja. "Kwani unausomesha?" Mzee akauliza. "Nausajili, mzee. Gari lazima liujue ufunguo wake, la sivyo halikubali." Mzee akafurahi sana na jibu hilo. "Kama ng'ombe na ndama," akasema. "Anamjua kwa harufu." Kijana akacheka, akasema ndiyo, ni kama hivyo. Hakuuliza kama tuna mwingine nyumbani. Sisi hatukujua kwamba ni jambo la kuulizwa. Alifanya kazi yake, gari likawaka kwa ule wa kwanza, likawaka kwa ule mpya, akatupa mkono. Mzee Komora aliushika ufunguo wake hadi Garsen, hakuutia mfukoni. Tulipitia kwa Abba Guyo kumwonyesha. Akaupima uzito, akausogeza karibu na wake. "Sasa sisi mapacha," akasema. Hakuna aliyewaza kuujaribu ule wa kiunoni. Ungejaribiwa kwa nini? Ulikuwa mzima siku zote.

Zikafika mvua, si za kwetu, za juu huko mto unakotoka. Kwetu mafuriko huja na jua likiwaka. Watu wa Hola walipiga simu kusema maji yanakuja, na huko wanajua kabla yetu. Mimi nilikuwa nimekwenda nyumbani Kipini kwa Idi, na ufunguo wangu mfukoni kama kawaida. Gari nililiacha kwa Abba Guyo, ilikuwa zamu yake kulilaza. Nikiwa nyumbani, barabara ikakatika. Maji yakapita juu ya lami kati yetu na Garsen, magari yakawa yanageuza. Sikuwa na wasiwasi mkubwa. Nilimpigia Abba Guyo nikamwambia alihamishe gari kwenye mwinuko, karibu na shule. Akasema, kwa utulivu, na utulivu ule ndio unaonirudia: "Usijali, Kipini. Nina ufunguo yangu. Mtoto ya ndugu yangu anajua kuendesha."

Alinipigia mchana. "Kipini, gari inakataa." Nikamuuliza inakataaje. Aliiweka simu karibu na usukani nikasikia mwenyewe: nyo-nyo-nyo-nyo. Kimya. Nyo-nyo-nyo. Nilisimama kwenye ua wa nyumba yetu kule Kipini, wageni wa Idi wakipita na sahani, nami natia kidole kwenye sikio la pili. Nikawaambia watoe ufunguo waupanguse. Wakaupangusa. Nikawaambia wafunge milango, wafungue, wajaribu tena. Nyo-nyo. Nikauliza kuna kataa kekundu mbele yenu? Yule mpwa akasema, kapo, kanapepesa. Nikakumbuka Hola. Nikampigia kijana wa Malindi. Alikumbuka gari. Aliponisikiliza akasema, bila haraka, kama mtu anayeeleza jambo la kawaida: "Ufunguo ambao haukuwepo siku ile umefutika. Ukiingiza mpya, gari linasahau zote linaanza upya na zile zilizo mbele yake. Si neno. Uleteni pamoja na gari na ule wako, ni kazi ndogo." Uleteni. Mimi niko Kipini, gari liko Garsen, barabara iko chini ya maji.

Nililazimika kumweleza. Nilisema polepole, kwa Kiswahili chepesi, lakini nadhani hata kwa Kiorma ningeshindwa. Kisha akasema, "Ina maana mama imesahau ndama." Nikasema, ndiyo, Abba, ni kama hivyo. "Na nani aliisahaulisha?" Nikasema hakuna mtu, ni mashine, ni utaratibu wa mashine. Akasema, "Mlienda wawili. Mkarudi na funguo mbili. Yangu ikafa." Hakupandisha sauti. Ningeomba apige kelele.

Walijaribu kulisukuma. Ufunguo ulikuwa bado unafungua usukani, kwa hiyo gari liliweza kugeuzwa, na watu walikuwa wengi. Lakini udongo wetu ule mweusi ukishalowa haumwachilii hata punda. Magurudumu yakazama, wakafunga kamba, kamba ikakatika. Nilikuwa nikipigiwa simu kila mara nikipewa habari, kama mtu anayetangaziwa mpira, nami nilirudia tu "jaribuni tena". Nilimpigia Mzee Komora. Yeye alikuwa Ndera na ufunguo ulio hai. Shamba lake lilikuwa linaingia maji, migomba inalala, mpunga umeshakwenda. Nilipomwambia hakuuliza swali hata moja. Mama Eliza alinisimulia baadaye kwamba aliufunga ufunguo ndani ya mfuko wa nailoni, akauvaa shingoni, akachukua mtumbwi wa jirani, akatoka akipiga pondo kupita juu ya shamba lake mwenyewe. "Nilimwita," akasema, "hakugeuka. Alisema tu, gari la Guyo linazama. Hakusema gari letu."

Alifika asubuhi iliyofuata. Maji yalikuwa yamefika kwenye vioo. Sikuwepo, lakini nimesimuliwa na watu wa pande zote mbili na hapa wanakubaliana. Mzee Komora alishuka kwenye mtumbwi maji yakiwa kifuani, akaja hadi alipokuwa amesimama Abba Guyo, akauvua ufunguo shingoni akamnyooshea. Abba Guyo akautazama ule mfuko, mkavu ndani. "Umeleta ufunguo nzuri," akasema. "Umeleta saa hii." Komora akasema alikuja haraka alivyoweza. Guyo akasema, "Najua. Ulijua ufunguo gani ya kuleta." Halafu akageuka akaenda kutafuta ng'ombe wake waliopotea. Mzee Komora alibaki pale na mkono umenyooka.

Maji yalipotoka nilirudi, nikakuta gari limejaa matope hadi kwenye redio, na kambare mmoja mfu kwenye kiti cha mbele. Nilifanya nilichojua. Nilimpigia fundi wa Malindi nikaiweka simu kwa sauti mbele ya Abba Guyo, kijana akaeleza vizuri, kwa heshima. Abba Guyo akasikiliza mpaka mwisho, kama alivyosikiliza siku ile ya chai. "Huyu mimi simjui," akasema. "Ni fundi yenu." Nikaenda Ndera, nikamwomba Mzee Komora aende akaseme naye. "Niseme nini?" akaniuliza. "Niombe msamaha kwa jambo nisilofanya, aseme kumbe nilifanya? Au nisiombe, aseme nina kiburi?" Nikarudi Garsen peke yangu. Kwa muda mke wa Abba Guyo aliendelea kukiosha kile kibuyu na kukiangika mahali pake, halafu siku moja sikukiona. Mwaka ulipokwisha sikuwa na gari la kuendesha wala wazee wa kuendeshea. Nikachukua kitanda changu cha kamba nikarudi pwani. Wale waliokuwa wakisimama kando ya njia kulisindikiza gari kwa macho, sijui walianza kusema nini.

Nilipomaliza kula, Hadija alinivuta kando, nyuma ya zizi. Amekuwa mama sasa, sura ya baba yake. Akasema: "Mwaka huu, kabla ya masika, nilimpeleka Malindi kwa daktari wa macho. Wakati wa kusubiri dawa akapotea. Nikamkuta amekaa kwenye duka la funguo, ameutoa ule wake, anamuuliza yule mtu, 'Ufunguo inaweza kufa bila mtu kuiua?' Yule hakutujua, Kaka. Mtu mwingine kabisa, mzee wa ndevu. Akamwambia, 'Kama siku ya kuingiza mwingine huu haukuwepo, basi unafutika wenyewe. Hutokea sana. Hakuna aliyekukosea, baba.' Baba akamuuliza tena. Akamjibu vilevile. Akamuuliza tena." Hadija akafuta uso kwa pembe ya mtandio. "Tulipofika daraja la Garsen akasema, 'Mimi ndiye nilisema ibaki.' Basi. Baada ya siku kidogo akaniambia nifukize kibuyu cha mama. Nikakitia maziwa, akamwita mtu wa bodaboda, akampeleka Ndera. Nikamuuliza, na maneno je? Akasema maziwa ni maneno."

Nikamuuliza kama kibuyu kilirudi. "Kilirudi na mchele," akasema. "Nilitaka kuupika siku ileile, akakataa. Akasema mchele wa Ndera hauliwi mpaka mwenyewe aje tuule naye. Uko ndani mpaka leo, kwenye mtungi. Alikuwa akikaa pale langoni jioni. Sisi tulidhani anapunga upepo."

Nilikwenda nikaketi karibu na Mzee Komora. Sikio lake moja limekwisha, ikabidi niseme kwa nguvu, watu wakageuka kutusikiliza. Nikamweleza yote, duka la Malindi, yule mtu wa ndevu, swali lililoulizwa mara tatu, mchele uliokuwa ukimngoja, na zile jioni za langoni. Nikamtia ufunguo mkononi. Akaugeuza, akausugua kwa kidole gumba pale ulipolika. "Yale maziwa niliyanywa," akasema. "Yalikuwa na moshi uleule. Eliza angekuwa hai angejua maana yake. Mimi nilikunywa tu nikakaa. Nikatia mchele, maana kibuyu hakirudi kitupu. Nikawa nangoja neno." Akanitegea sikio lake zima, kama anayeamini nitaongeza kitu. "Mimi nilikuwa nangoja neno, Kipini."

Hadija alikuwa amesimama karibu yetu, na nyuma yake wanawake walishatoa ule mtungi, wameuweka jikoni mlangoni, hawaufungui. Chakula cha wageni kilikuwa kinapungua. "Kaka Omari," akaniuliza, "tuupike?" Aliniuliza mimi, niliye si wa huku wala wa kule, na kama mwaka ule sikujua niko upande gani wa kuruhusu. Nikamwambia amuulize Mzee Komora, mchele ni wake. Akapiga magoti mbele ya kiti cha plastiki akamuuliza kwa adabu, karibu na sikio lile zima.

"Mimi ni mgeni hapa, binti yangu," Mzee Komora akasema, macho yake kwenye ufunguo. "Muulize mwenye nyumba." Kisha akainua kichwa, akatazama kule langoni.